Mkunga Aliyekata Watu Pembeni mwa Picha

Vijana wakinijia kuniuliza wanunue kamera gani, nami huwauliza kwanza wana lenzi gani. Wengi hunishangaa. Wao wamekwisha kuiona kwenye simu kamera fulani mpya, nyeusi, ina vitufe vingi, na wanachotaka kwangu ni baraka tu. Nawaambia mwili wa kamera ni kama simu, siku unapoutoa kwenye boksi ndiyo siku unapoanza kuzeeka. Lenzi nzuri inaweza kumzika mwenyewe. Yangu ni ya milimita hamsini, haivuti kitu karibu wala haikisogezi mbali. Ilitumiwa na wengine kabla yangu, na pete yake ya fokasi imelainika kama kifungo cha koti la zamani. Ukitaka mtu aonekane mkubwa, unatembea mpaka alipo. Ukifika karibu itakubidi umwamkie, na ukishamwamkia uso wake unabadilika. Uso huo ndio wa kupiga.

Nina maoni mengine, na nikianza huwa siachi. Usifute kioo cha lenzi kwa kanga wala kwa shati. Vumbi letu jekundu lina mchanga ndani yake, lipulize kwanza. Usihifadhi kamera kwenye begi la ngozi wakati wa masika, kwa sababu huku kwetu mvua ikishika, kuvu huota ndani ya vioo kama inavyoota kwenye viatu vilivyosahauliwa uvunguni. Iweke kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, pamoja na makaa makavu yaliyofungwa ndani ya soksi. Mtu mweusi akisimama mbele ya ukuta mweupe, usiiamini kamera. Itauona ukuta, itadhani mwanga unatosha, na uso wa mtu itautia kiza. Ongeza mwanga, ukuta uungue. Ukuta haukuja kupigwa picha. Na flashi ni radi, haina adabu. Mweke mtu mlangoni, giza la ndani likiwa nyuma yake na uwanja ukiwa mbele yake. Hakuna studio mjini inayoushinda mlango wa nyumba ya udongo.

Hayo yote niliyasema kwa miaka mingi mbele ya mtu mmoja, na hakukubali hata moja. Siku hizi nayasema na kila mtu ananiitikia.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi mjini Biharamulo. Nilianza kupiga picha nilipostaafu, mume wangu akiwa amekwisha kufariki na watoto wana nyumba zao huko mbali. Watu walicheka kidogo: mwanamke wa umri huu, kamera shingoni mahali pa rozari. Nilidhani katika wilaya zetu mbili hizi, Biharamulo na Ngara, hakuna mwingine kama mimi, mpaka siku nilipoalikwa kwenye jubilei ya parokia moja upande wa Ngara. Maandamano ya matoleo yalikuwa yanakuja, wanawake wamejitwika vikapu vya maharage na mikungu ya ndizi, nami nimechuchumaa kwenye mwanya wangu nawasubiri wafike pale mwanga wa dirisha ulipoangukia. Ghafla mgongo mpana wa kitenge cha kijani ukajaa kwenye kioo changu.

"Mama, umenizibia," nikanong'ona.

Akageuka. Alinizidi umri kidogo. Alikuwa amebeba lenzi ndefu kama mchi wa kinu, na juu ya kamera alikuwa ametundika flashi kubwa.

"Shikamoo," nikasema, kwa kuwa sasa nilikuwa nimemwona uso.

"Usiniamkie, tunalingana. Kama nimekuzibia, rudi nyuma uvute."

"Yangu haivuti."

Akaiangalia lenzi yangu kama mtu anayeangalia mtoto aliyezaliwa na uzito mdogo. "Pole," akasema, na akaendelea kunizibia.

Baada ya misa tulijikuta kwenye benchi moja, sahani za wali mapajani, kila mmoja akichungulia picha za mwenzake. Hapo ndipo nilipomjua. Alikuwa mkunga mstaafu, amezalisha wanawake wa Ngara tangu ujana wake. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi zamani, yeye akiwa mgongoni, wakapata shamba, wakakaa. Sasa alikuwa mjane kama mimi na nyumba yake ilikuwa Kasulo. Nyumbani kwake walisema Kirundi, na majirani alisema nao Kihangaza, na Kiswahili chake kilikuwa cha wodini, cha kuamrisha. Nilimwita Dada. Yeye aliniita Mwalimu. Hatukubadilisha hata tulipozoeana.

Tangu siku hiyo tulikuwa tunaalikana. Nilipanda basi kwenda Kasulo nikalala kwake, au yeye alikuja kwangu, tukatoka asubuhi. Tulikwenda Nyantakara wakati wa kuvuna mahindi. Tulikwenda Kabanga mpakani, ambako askari alitukataza kuelekeza kamera kwenye geti, kisha akatuomba tumpige yeye mwenyewe na kofia yake. Kila tulipokwenda tuligombana. Yeye alipenda kusimama mbali, ng'ambo ya barabara, akawavuta kwa lenzi yake wanawake wanaoshusha magunia kwenye basi, bila wao kujua. Nikamwambia huo ni upelelezi. Akaniambia mimi nikifika tu watu wanaacha kazi zao na kukaa kama wanasubiri kitambulisho.

"Wewe hupigi picha watu, Mwalimu. Unapiga picha ugeni wako."

"Na flashi yako je? Wote wanatoka na macho ya paka."

"Lakini wanaonekana. Za kwako ni nzuri, ila mtu lazima asome maelezo ndipo ajue yule wa kwenye kiza ni nani."

Jambo moja nilimwibia, nalitumia mpaka leo. Alipomsimamisha mtu, hakumwambia acheke. Alimwambia kwa sauti ileile ya leba: "Vuta pumzi." Mtu akavuta, mabega yakapanda. "Achia." Na pale pumzi ilipokuwa inaisha kutoka, kabla mtu hajakumbuka tena kwamba anapigwa picha, ndipo alipobonyeza. Ijaribu. Pumzi ikishatoka, mtu hana cha kujificha nyuma yake.

Na alikuwa na sheria moja ambayo hakuieleza sana. Wakati ule wakimbizi kutoka Rwanda walipojaa Kasulo, alikuwa tayari na kamera ndogo ya filamu. Alifanya kazi kambini usiku na mchana. Hakupiga hata picha moja. Nilipomuuliza kwa nini, alisema, "Mtu ambaye hawezi kukukatalia, usimpige." Akainuka kwenda kuangalia maharage jikoni, na sikuuliza tena.

Sasa nije kwenye kukata watu.

Katekista wa parokia yake alituomba picha za kutundika kwenye ukumbi, maisha ya waumini, mashamba, ubatizo, na kadhalika. Dada alinipa picha zake zilizosafishwa ili nichague, kwa kuwa meza yangu ilikuwa kubwa. Nikazipanga zote mezani. Niliona mara moja kwamba kuna mtu anakosekana. Bi harusi yupo, mkono wa bwana harusi umeishia kwenye kiwiko. Wazee wako kwenye benchi, wa mwisho amebaki goti. Mtoto anabatizwa, mama wa ubatizo ni kipande cha kilemba tu. Nikarudi kwenye picha za miaka ya nyuma, zile alizonipa mwanzoni. Zilikuwa zimejaa hadi pembeni, hakuna aliyepotea. Yeye ndiye aliyenifundisha kuzungusha jicho kwenye kona zote za kioo kabla ya kubonyeza.

Alipokuja nikamwonyesha. Akacheka. "Hiyo ndiyo staili ya siku hizi, Mwalimu. Picha ni dirisha. Dirisha halimwonyeshi kila mtu."

"Dada, huyu ni bwana harusi."

"Basi angesimama katikati."

Nikacheka nami. Nikamwekea chai mezani, upande wake wa kushoto. Alinyoosha mkono kuitafuta, akaupiga mgongo wa kikombe, chai ikamwagika juu ya picha. Hakuwa amekiona. Kilikuwa karibu na kiwiko chake na hakuwa amekiona.

Tulikausha picha kwa kanga yangu ya zamani. Nikakumbuka jinsi alivyogonga bega mlangoni mara ya mwisho nilipolala kwake, na jinsi alivyoacha kutembea jioni. Nikavuta kiti, nikakaa mbele yake.

"Niangalie puani," nikamwambia. "Usigeuze macho. Nikileta kidole kutoka pembeni, sema unapokiona."

Hakuniangalia puani. Aliangalia mikono yake mwenyewe.

"Kipimo hicho nimewafanyia watu wengi," akasema. "Usijisumbue. Nimejifanyia mwenyewe mbele ya kioo cha kabati. Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya harusi hiyo."

"Na hukusema?"

"Nikuambie ili iweje? Ukishajua, utaacha kunigombeza. Utaanza kusema, picha nzuri Dada, picha nzuri. Watoto wangu wameshaanza. Nani atabaki wa kuniambia ukweli?"

Nikamwambia nitamgombeza mpaka mmoja wetu azikwe, lakini kwanza tunakwenda hospitali. Hilo lilikubaliwa.

Tulikwenda Mwanza. Nilikaa naye kwenye foleni ya kliniki ya macho, kati ya wazee wengine walioshikwa mikono na wajukuu. Daktari alikuwa binti mpole. Alimwamkia, akampima, akampima tena, kisha akaeleza kama anayemweleza mwenzake wa kazi. Ni presha ya macho. Inakula uwezo wa kuona kutoka pembeni kuja katikati, polepole, bila maumivu, na ndiyo maana watu huchelewa. Kilichopotea hakirudi. Kuna dawa ya matone ya kulinda kilichobaki, na kilichobaki si kingi.

"Kwa hiyo naona kama kwa bomba," Dada akasema.

"Ndiyo, bibi. Kama kwa bomba."

"Mungu amenipa lenzi ndefu." Akanigeukia, na ilimbidi ageuze kichwa kizima ili anipate. "Si ulikuwa unaichukia?"

Yule daktari hakujua kama acheke. Mimi nililia kwenye basi, nikijifanya ni vumbi, naye kwa mara ya kwanza hakuona.

Matone aliyatia kwa nidhamu ya mkunga, asubuhi na jioni. Kwa muda mambo yalisimama palepale. Na ndani ya muda huo alipiga picha nzuri kuliko zote nilizowahi kuona mikononi mwake, na huenda kuliko zangu pia. Aliiweka flashi kabatini kwa sababu ilimwumiza. Lenzi ndefu aliiacha, akaniomba hamsini yangu. Hakusema kwamba nilikuwa nasema kweli. Alisema tu, "Lete hicho kijilenzi chako, mikono yangu imechoka." Kwa kuwa hakuweza tena kuona kundi, alipiga mtu mmoja mmoja, uso kwa uso, mlangoni.

Alichagua watu wa kupiga. Alitaka wanawake aliowazalisha, kila mmoja na mtoto wake, hata kama mtoto huyo sasa ana ndevu. Tulizunguka Kasulo kijiji kwa kijiji, mimi nikitembea kushoto kwake kwa sababu ndiko alikopoteza zaidi. Nilimwambia kuna shimo, kuna mbuzi, kuna kamba ya nguo. Tulipofika nyumbani kwa mtu aliketi kwanza, akanywa maji au rubisi, pombe yetu ya ndizi, akauliza habari za mji. Wanawake walimkumbuka kwa mikono. "Mikono hii ilikuwa baridi!" mmoja alisema, akaishika. Kisha mlangoni: vuta pumzi, achia. Mimi nilitazama kwenye kioo cha nyuma cha kamera na kutoa hukumu. "Umemkata kijana sikio." "Umeweka mwanga mno." Alirudia huku akinung'unika, na nadhani hatujawahi kufurahi vile.

Siku moja, tukiwa tunatoka kwenye nyumba ya mama tuliyempiga picha pamoja na mapacha wake, tulimkuta mwanamke amesimama njiani na jembe begani. Alikuwa mtu mzima, nywele zimeanza kuwa na mvi. Akaamkia. Dada akaitikia, "Marahaba," akageuza kichwa kuitafuta sauti.

"Mama Mkunga, na mimi ulinizalisha," mwanamke akasema.

Dada alimtafuta kwa jicho lake dogo lile, kwenye paji, kwenye mdomo. "Nakukumbuka," akasema. "Ulikuja usiku wa mvua. Mlikuja kwa baiskeli."

"Umepita kwangu mara mbili wiki hii. Hukuingia."

Mimi sikuwa najua habari yake, lakini nilielewa kwamba Dada alimpita kwa makusudi. Baadaye alinieleza kwamba mtoto wa usiku ule wa mvua alizaliwa hana uhai, na kwamba mwanamke hakupata mwingine.

"Nilidhani nitakuumiza," Dada akasema.

"Nilimbeba miezi yote kama wenzangu walivyobeba wa kwao," mwanamke akasema. Hakusema kwa ukali. "Nilisukuma kama wao. Au mimi sikuzaa?"

"Ulizaa."

"Basi njoo."

Nyumba yake ilikuwa ya matofali ya kuchoma, mlango wake umeelekea mashariki, na asubuhi ile mawingu yalikuwa yametandaza mwanga mlaini uwanjani kote. Siwezi kuomba mwanga bora kuliko ule. Alikwenda kunawa, akarudi amevaa gauni la kanisani. Akasimama mlangoni. Hakujua mikono aiweke wapi. Kwanza aliiacha pembeni, kama wanavyosimama wazee wetu kwenye picha, kisha akaikunja mbele, chini ya kifua, mmoja juu ya mwingine. Ikabaki hapo.

Dada alinyanyua kamera. "Vuta pumzi," akasema, na sauti yake haikuwa ya kuamrisha. "Achia."

Akabonyeza. Akanipa kamera nihukumu kama kawaida.

Uso ulikuwa ukungu. Ukuta wa matofali kando ya mlango ulikuwa umetoka vizuri, kila tofali na ufa wake, lakini uso wa mwanamke yule ulikuwa umeyeyuka. Nikajua kwamba katikati ya macho ya Dada nako kumeanza kwenda.

"Imetoka?" Dada akauliza.

Mwanamke alikuwa ananiangalia. Dada alikuwa ameelekeza uso upande wangu, si sawasawa na nilipokuwa. Ningeweza kusema ndiyo. Watoto wake wangesema ndiyo.

"Haijatoka," nikasema. "Fokasi imekwenda ukutani. Rudia."

Akarudia. Akazungusha pete taratibu, akaenda mbele, akarudi nyuma, kama mtu anayetafuta stesheni kwenye redio ya zamani. Vuta pumzi. Achia. Nikaangalia.

"Haijatoka, Dada."

Akarudia tena. Na tena. Mwanamke alivuta pumzi na kuiachia kila alipoambiwa, hakulalamika, na kila mara mikono ilikuwa palepale. Kuku walikuja wakapita. Mwishowe Dada alishusha kamera kifuani. Alikaa hivyo muda, akisikiliza, kana kwamba kuna mtu atakayemwita kutoka ndani ya nyumba.

"Anafananaje sasa hivi?" akaniuliza kwa sauti ndogo.

"Amesimama vizuri. Anakungoja wewe."

Akauvua mkanda shingoni, akanikabidhi kamera. "Piga wewe. Mimi nitasema maneno."

Nikapiga magoti kwenye udongo, nikarekebisha fokasi kwenye jicho lake la karibu, kama ninavyowafundisha vijana: jicho la karibu siku zote, mengine yatajipanga. Dada alisimama nyuma yangu akaweka kiganja chake begani mwangu. "Vuta pumzi," akasema. Mwanamke akavuta. Nilihisi kiganja kikinibana. "Achia, mwanangu."

Picha ilitoka. Niliisafisha mjini nikampelekea mwenyewe, naye akaitundika sebuleni, juu ya kalenda ya kanisa. Sijui kama ni yangu au ya Dada. Nimeiangalia mara nyingi kwenye kompyuta, na kwa upande wa ufundi sina cha kuilaumu. Ila sijawahi kuionyesha kwa mtu anayekuja kuniuliza habari za kamera.

Siku ile tulirudi nyumbani kwake. Hakupiga tena picha.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio kuliko daktari alivyotarajia. Tulirudi Mwanza, wakabadilisha matone, wakafanya upasuaji kwenye jicho lililokuwa na nafuu. Ilisaidia kidogo, kisha haikusaidia. Kufikia mavuno yaliyofuata alikuwa anatofautisha tu mchana na usiku, dirisha na ukuta. Binti yake mkubwa alihama kutoka Kahama akaja kukaa naye. Kamera na lenzi ndefu wakampa mpwa wake anayepiga picha za harusi huko Ngara mjini. Hamsini yangu alinirudishia ikiwa imefungwa kwenye kitambaa safi, haina hata alama ya kidole.

Nilijaribu kuendelea na ugomvi wetu. Nilipiga picha, nikaenda nazo Kasulo, nikakaa karibu naye nikamsimulia: hapa kuna mwanamke anapeta maharage, mwanga unatoka kulia, nimekata mguu wa kinu. Mwanzoni alinihukumu kwa kusikia tu. "Mguu wa kinu usiukate, rudi nyuma hatua moja." Halafu siku moja alinigusa mkono nikiwa katikati ya maelezo.

"Mwalimu, usiniletee tena picha."

"Nimekukosea?"

"Hapana. Ila ukiisha kunisimulia, mimi natengeneza yangu kichwani. Wewe ukiondoka nabaki na picha nyingi ambazo hazipo. Zinanichosha."

Nikaacha. Nikawa naenda mikono mitupu, au na samaki wa kukaushwa na sukari. Tulizungumza habari za mvua, za bei ya maharage, za nani amefariki. Yalikuwa mazungumzo mazuri. Lakini tulikuwa tumekuwa wanawake wawili wazee wanaozungumza, kama wengine wote.

Mimi bado napiga kidogo. Parokia ikinialika nakwenda, vijana wananipisha mbele kwa heshima, hakuna anayenizibia. Wanaziangalia picha zangu wanasema, "Nzuri sana, bibi." Nyumbani nazipakua, naziangalia, nazungusha jicho kwenye kona zote nikitafuta kosa. Makosa yapo. Nayaona mwenyewe, nazima kompyuta.

Mara ya mwisho kwenda Kasulo ilikuwa masika haya. Nilimkuta barazani anachambua maharage kwa vidole, mazuri bakulini, mabovu kwenye ungo, bila kukosea. Binti yake alikuwa ameenda shambani. Niliketi nikamsaidia. Mvua ilikuwa imekatika na migomba ilikuwa bado inadondosha maji.

"Ingia chumbani kwangu," akasema baada ya muda. "Kwenye droo kuna picha ya baba watoto. Ilete."

Nikaileta. Ilikuwa ya zamani, nyeusi na nyeupe, imepigwa studio, kijana amesimama kando ya meza yenye maua ya plastiki.

"Uliniambia nisikuletee picha," nikamkumbusha.

"Hii ni yangu." Akaipokea, akaishika kwa pande mbili, akaigeuza kana kwamba anatafuta upande wenye mwanga. "Uso wake umeanza kunitoka. Sauti ninayo, namna anavyokohoa ninayo. Uso ukija unakuja wa kaka yake. Niambie yukoje."

Nikaiangalia vizuri, kama sijawahi kuangalia picha maishani mwangu. Nikamwambia ana paji pana. Nywele amezichana upande. Mdomo umefungwa lakini ni kama anataka kusema. Masikio yamesimama kidogo, la kushoto zaidi. Macho yanaangalia juu kidogo ya kamera, bila shaka yule mpiga picha alimwambia aangalie mkono wake.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akatikisa kichwa.

"Siye," akasema. "Ni mwingine huyo."

"Dada, ndiye. Nyuma wameandika jina lake."

"Najua ndiye. Lakini hakuwa hivyo." Alinirudishia picha. "Jaribu tena. Anza na macho."

Nikaanza na macho.